Nilivyomtuma mshenga kwa mama mkwe ili tanuri la taka la mji wetu lisizime

Wakuu, habari zenu popote mlipo, pamoja na nyie mnaosoma huku simu mmeificha chini ya meza ya ofisi.

Leo nimeamua kuandika. Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Kama nimechanganya na uongo hata kijiko kimoja, moto ninaokula nao ugali unizimikie kesho asubuhi.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, akirudi atatukuta.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtoto wa Handeni, Mzigua. Shule niliishia darasa la tano. La sita nililichungulia dirishani siku niliyokwenda kuwauzia walimu mkaa. Leo hii naishi Korogwe, nina nyumba yangu, nina Canter yangu, na kuna watu kumi na wawili ambao asubuhi wakiamka wanakuja kwangu kufanya kazi.

Na kitu kimoja nawaambia bila kuona haya: kuanzia Handeni mpaka Mashewa, hakuna mtu anayeujua moto kunizidi mimi.

Nimechoma mkaa. Nimechoma matofali. Ukipita huku ukaona nyumba ya tofali jekundu, lile lililoiva mpaka ukiligonga linalia kama sahani, uliza alichoma nani. Ngombezi nimefanya kibarua kwenye mkonge. Kote huko nilikuwa naangalia moto tu. Moto una tabia, kama mtu. Unapenda hewa, haupendi kukaliwa kifuani.

Basi, nilipohamia Korogwe sikuanza na Canter. Nilianza na mkokoteni wa taka.

Watu walinicheka sana. Waliniita baba majalala. Kuna jamaa mmoja fundi cherehani alikuwa akiniona tu anaziba pua hata kama mkokoteni ni mtupu. Leo mashati ya vijana wangu wa kazi namshonesha yeye, na namsalimia vizuri kabisa.

Sasa sikilizeni hapa, maana habari yote imeanzia hapa.

Wenzangu wa mikokoteni walikuwa wanachagua mizigo. Taka za jikoni wanabeba, majani wanabeba, lakini mchanga wa kufagia uwanja hawataki kuuona. Mzito, unavunja mgongo, unachakaza tairi. Ukimwekea mtu salfeti (ule mfuko mkubwa wa sandarusi) yenye mchanga anaiacha hapo hapo barabarani na matusi juu.

Mimi nikaona hiyo ndiyo riziki yangu. Nikatafuta rangi nyekundu, nikaandika ubavuni mwa mkokoteni kwa herufi kubwa:

HATA MCHANGA NABEBA.

Wakuu, biashara ilikubali! Akina mama wa huku wanafagia uwanja kila alfajiri, unajua tena, mwanamke ambaye uwanja wake hauna mistari ya ufagio majirani wanamjadili. Walipoona yule mtu anabeba hata mchanga, wakawa wanafagia, wanazoa na udongo wake, wanajaza salfeti, wanafunga, wanaweka barabarani. Na mimi nilikuwa nalipwa kwa salfeti. Kwa hiyo nikawa nawahimiza kabisa, "Jazeni mama zangu, msiogope!"

Mkokoteni ukazaa guta la matairi matatu, guta likazaa Canter. Na Canter nayo, mbele juu ya kioo, nikaandika maneno yale yale.

Miaka ikaenda. Yakumbukeni hayo maneno.

Halafu mji wetu ukapata tanuri la kuchomea taka.

Msifikirie lile pipa la nyuma ya zahanati. Hili ni tanuri la mji. Ukuta wa tofali za moto, bomba la moshi refu kuliko minazi, chanja la chuma zito ambalo taka zinalala juu yake, chini kuna feni inapuliza hewa, na kwenye mlango kuna saa yenye mshale wa kuonyesha joto. Siku lilipowashwa mara ya kwanza nilisimama mbele yake kama mtu anayemtazama mtoto wake wa kwanza.

Lilihitajika kweli. Dampo la zamani limejaa mpaka linamwagikia kijito, na chini ya kijito kuna nyumba za watu. Mvua ikinyesha, maganda na pampasi zinaingia kwa watu bila hodi.

Najua kuna mtu anaandaa povu hapa la moshi wa plastiki. Punguza kasi mkuu. Betri hatuchomi, mabomba ya plastiki hatuchomi, taka za hospitali zina utaratibu wake. Na nikwambie jambo la bure: moto dhaifu ndio wenye moshi mbaya. Moto mkali unakula mpaka moshi wake.

Nikapewa tenda ya kuliendesha kwa majaribio. Sharti lilikuwa moja na lilisomwa mbele ya watu kwenye kikao: siku wakaguzi watakapokuja, tanuri liwake kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kuzima na bila kutoa moshi mweusi. Likishindwa linafungwa, tenda inakufa, taka zinarudi kule kule dampo.

Mwenyekiti akauliza, "Mchochea moto wetu, utaweza?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilisimama, nikaweka kofia yangu sawa, nikasema, "Ndugu zangu, likizima mimi nikiwa mbele yake, narudi Handeni kwa miguu."

Watu wakapiga makofi. Mke wangu, mama Rehema, alikuwa amekaa nyuma. Tulipotoka akaniambia, "Baba Rehema, viatu unavyo?"

Mnamuona huyo mwanamke? Nimeoa.

Kazi ikaanza. Asubuhi moto unapanda vizuri, mshale unasogea, moshi mweupe kama shuka. Saa nne burudani. Saa tano burudani. Ikifika saa saba mchana, mshale unaanza kurudi nyuma. Moshi unakuwa wa kijivu, halafu mweusi. Saa nane moto umelala.

Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile. Saa saba kama vile tanuri nalo linaenda kuswali.

Tulikuwa na injinia, binti mmoja anaitwa Upendo. Mdogo kwangu sana lakini kichwani zimo, namheshimu. Yeye akasema, "Mzee wangu, nadhani feni ni ndogo."

Nikamwambia, "Injinia, feni haina kosa. Haya ni maganda ya machungwa. Msimu umefika, mji mzima unakula machungwa, tunachoma maji hapa."

Tukabishana siku mbili. Mwisho tukafanya vyote. Yeye akaifungua feni akaisafisha akaiongezea kasi. Mimi nikajenga banda la mabati, taka zikaanikwa kwanza zikakauka mpaka zinalia zikikanyagwa.

Saa saba, tanuri likazima.

Wakuu, siku ile sikula. Zilibaki siku kumi na moja wakaguzi waje. Nilikuwa natembea mjini nasikia watu wanaulizana, "Hivi kutoka hapa mpaka Handeni kwa miguu mtu anatumia siku ngapi?" Yule fundi cherehani akaja mpaka saiti kunipima mguu kwa futi yake. Anasema anataka kunishonea soksi za safari.

Kesho yake asubuhi, tanuri likiwa limepoa, nikaingia ndani mwenyewe. Vijana walitaka kuingia nikawakatalia. Kiburi kilikuwa kimebaki kidogo, nikaona nikitumie.

Nikakuta juu ya chanja kumelala kitu kama chapati. Chapati ya jiwe, imefunika matundu yote ya hewa. Nikaipiga mtalimbo, haivunjiki. Nikapiga mpaka jasho likaingia machoni. Ilipopasuka nikatoa kipande nikakipeleka kwenye mwanga.

Mchanga, wakuu. Mchanga umeungua, umechanganyika na vioo vya chupa vilivyoyeyuka, umeganda. Na chini ya chanja, pale feni inapopulizia, pamejaa mchanga mkavu mpaka kwenye panga za feni.

Moto wetu ulikuwa unakaliwa kifuani. Kila asubuhi vijana wakichokonoa majivu unapumua kidogo, halafu taratibu unakaliwa tena. Ikifika saa saba mzigo umetosha, unakata roho.

Nikamwita Upendo. Tukachukua lile chekeche la kuchekechea mchanga wa ujenzi, tukalisimamisha, tukaanza kumwaga salfeti moja moja. Ya kwanza, nusu mchanga. Ya pili, nusu mchanga. Ya tatu nilishindwa hata kuinyanyua.

Upendo akaniangalia. "Mzee, watu wa huku wanatupa ardhi?"

Nilikuwa naiangalia ile salfeti ya tatu. Ilifungwa kwa kamba ya katani, fundo la mizunguko miwili na kichwa kimelazwa ndani. Fundo hilo nalijua. Katika mji huu mtu mmoja tu anafunga hivyo, mtu aliyefunga mafurushi ya katani Ngombezi nusu ya maisha yake.

Mama mkwe wangu, Bi Zaituni.

Hapo kidogo nipumue, chai inapoa.

Naendelea. Mtu wa mbali anaweza kusema, si umwambie tu? Kwa tulivyolelewa sisi, mama mkwe hafuatwi hivi hivi. Nikikutana naye njiani napisha, natoa shikamoo, naangalia chini. Sijawahi kula naye sahani moja. Sasa niende nimwambie mama aliyenipa mke kwamba taka zako ni mbaya? Nimwambie mwanamke ambaye uwanja wake ndio unaotolewa mfano mtaa mzima, kwamba kufagia kwake kunaua tanuri la mji?

Na tatizo si yeye peke yake. Bi Zaituni ndiye kiongozi wa kisomo cha Kurani cha akina mama. Jambo akilikubali yeye, mitaa mitano imekubali. Akilikataa, nichekeche mpaka kiama. Na kuchekecha mji mzima kwa mikono kwa siku kumi zilizobaki ilikuwa haiwezekani, tulijaribu, vijana wanne kutwa nzima hata Canter moja hawakumaliza.

Nikamwambia mama Rehema, "Nenda kaongee na mama yako."

Akaniambia, "Mdomo uliosema kikaoni si ulikuwa wako? Mimi nilikuwa nyuma nimekaa."

Basi nikafanya jambo ambalo sidhani kama kuna mwanaume mwingine Tanzania hii amelifanya. Nilikwenda kumtafuta mshenga wangu.

Mzee Mhina, yule yule aliyekwenda kuniposea miaka hiyo. Mzee sasa, lakini kanzu yake bado imenyooka. Nikamweleza mkasa wote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mke ulishapewa," anasema. "Sasa unaposa takataka?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, ndiyo hivyo. Nakuomba unibebee."

Jumamosi alasiri tukaenda. Kumbe kisomo ndiyo kimemalizika, akina mama kama thelathini wamekaa mkekani wanakunywa uji. Nilitaka kugeuza. Mzee Mhina akanishika mkono, "Mposaji harudi njiani."

Tukakaribishwa. Mimi nikakaa kwenye kigoda mbali kidogo, uso chini. Mzee Mhina akaanza kwa mzunguko kama alivyofanya siku ile ya posa, habari za afya, habari za mashamba, mpaka akafika kwenye tanuri, mchanga, na siku kumi.

Bi Zaituni alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniangalia. Akajibu kwa mshenga, na mimi nipo hapo hatua nne.

"Mzee Mhina, mwambie mkwe wangu nimemsikia. Lakini niulizie. Ule mkokoteni wake, ubavuni uliandikwa nini?"

Mzee Mhina akanigeukia kwa heshima zote. "Unaulizwa, mkokoteni uliandikwa nini."

Nikaanza kuchora mchangani kwa kidole.

Akina mama thelathini, kwa sauti moja kama wanaitikia kaswida: "HATA MCHANGA NABEBA!"

Wakuu, kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kuna bibi mmoja uji ulimpalia.

Bi Zaituni yeye hakucheka. Akaendelea, "Mwambie, kabla yake sisi mchanga hatukuwa tunautupa. Tulikuwa tunafagilia msingini. Takataka tunaokota, udongo tunausogeza ukutani, nyumba inakaa. Mama zetu walifanya hivyo na bibi zetu walifanya hivyo. Akaja yeye na rangi nyekundu, akatuambia jazeni msiogope. Tukajaza. Sasa mwambie anyanyue uso aangalie mlango wangu."

Nikanyanyua uso.

Nyumba ile naijua. Siku naenda kuoa, mlangoni palikuwa na ngazi moja, fupi, unapanda bila kufikiri. Sasa ngazi ilikuwa juu ya goti langu, na chini yake wamepanga mawe mawili ili mtu aweze kupanda. Msingi wote uko nje, mawe yake yanaonekana kama meno ya mtu aliyelika fizi. Ule uwanja ulikuwa umeshuka. Umefagiwa, umezolewa, umetiwa kwenye salfeti, nimeubeba mimi. Miaka yote ile. Kwa malipo.

Nikageuza macho kwa jirani. Vile vile. Nyumba ya tatu, ukuta una ufa kuanzia chini.

Mtu ninayejisifu kwamba nimechoma matofali ya nyumba za watu, kumbe huku chini nilikuwa nawabomolea.

Hapo nilivunja mila. Nilisimama. Sikumpitia mshenga. Nikavua kofia nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikosea. Na nyie mama zangu wote, mnisamehe. Sina mwingine wa kumsingizia, maneno niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu."

Bi Zaituni akamwambia mshenga, lakini sauti ilikuwa imeshuka, "Mwambie mkwe wangu avae kofia yake, jua kali. Sisi tutaacha mchanga. Lakini akina mama wa mitaa mingine hawatatusikia sisi, watasema wivu. Mdomo uliowaambia wajaze ndio ukawaambie waache. Na uende na mkokoteni ule ule. Na nyumba zilizoning'inia azirudishie udongo."

Mzee Mhina akanigeukia. "Mahari umeisikia?"

Nikasema nimeisikia.

Mkokoteni nilikuwa nao bado nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Nikautoa, nikafuta yale maneno kwa msasa, ya kwenye Canter nayo nikayafuta, nikaandika mapya: MCHANGA UBAKI KWAKO. Mimi mwenye Canter, mwenye vijana kumi na wawili, nikausukuma mwenyewe mtaa kwa mtaa na kipaza sauti kimening'inia shingoni. Watoto nyuma yangu kama harusi.

Nilikuwa nasimama kwenye kila kona nasema ukweli. Mimi ndiye niliyewadanganya. Fagieni, okoteni takataka, udongo sogezeni msingini kama walivyofanya bibi zenu. Salfeti nyepesi nitaipenda zaidi.

Nilitukanwa, msifikirie nilipokelewa na maua. Mama mmoja kule karibu na reli aliniambia, "Jana ubebe, leo uache, kesho utasema tukupikie!" Mwingine akanijibu kwa Kizigua maneno ambayo sitayaandika hapa, maana humu kuna watoto wa watu. Wale Wahindi wenye maduka mjini wakaniletea maji ya baridi, mzee wao mmoja akasema, "Bwana, wewe leo umekuwa shehe wa takataka."

Jioni Canter inapakia udongo mwekundu inakwenda kumwaga kwenye nyumba zilizoning'inia. Udongo safi, si ule tuliochekecha kwenye taka, na majivu ya tanuri hata kidogo hapana, Upendo aliniapisha juu ya hilo. Tulianza na ile nyumba yenye ufa.

Siku ya tano, salfeti zilianza kuwa nyepesi. Kijana wangu alinyanyua moja kwa nguvu za kawaida akaanguka nayo nyuma. Tulicheka mpaka machozi.

Siku ya nane tanuri lilipita saa saba. Likazima saa tisa na nusu. Usiku nilikosa usingizi nikiwaza zile saa mbili na nusu zilizobaki kufika jioni.

Siku ya wakaguzi ikafika.

Walikuja watatu, wameshika makaratasi, hawacheki na mtu. Watu wamejaa nje ya uzio. Fundi cherehani yupo na futi shingoni. Mama Rehema yupo, na mkononi ameshika kiatu changu kimoja, mnamuona lakini?

Nikawasha. Saa nne vizuri. Saa sita vizuri. Ikafika saa saba, feni naisikia inavyohema. Upendo amekodoa macho kwenye mshale. Mimi sikuangalia mshale. Nilidondosha tone la maji kwenye mlango wa chuma nikasikiliza. Likalia *chii* likapotea. Nikajua moto mzima.

Saa nane ilipofika mkaguzi mkubwa akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Taka hizi labda mmezichagua kwa ajili yetu. Nataka niokote mwenyewe salfeti kutoka kwenye gari linaloingia sasa hivi."

Canter ndiyo inaingia, imetoka mtaani moja kwa moja. Akapanda, akapekua, akavuta moja ya chini kabisa akaidondosha.

Nikaiona. Kamba ya katani. Mizunguko miwili, kichwa kimelazwa ndani.

Nilijua mama alisema ataacha, lakini mkono uliozoea miaka ile yote, alfajiri, usingizi bado machoni, na ufagio... Nikamuona mwenyewe nje ya uzio amesimama na wenzake, mtandio mweupe. Safari hii aliniangalia usoni.

Mkaguzi akakata kamba. Akamwaga yote chini kwenye turubai.

Maganda ya machungwa, yameshakauka. Maganda ya muhogo. Magunzi. Kipande cha ndala. Mfuko wa unga. Akaigeuza ile salfeti ndani nje akaikung'uta.

Haikudondoka hata chembe ya mchanga.

Yule mkaguzi akasema kwa mshangao, "Hii imetoka kwenye nyumba ya namna gani?"

Nikamjibu kwa sauti ili nje ya uzio wasikie, "Imetoka kwa mama mkwe wangu!"

Ilipofika jioni jua linalala upande wa milimani, tanuri bado lilikuwa linaunguruma, moshi mweupe, mshale umesimama pale pale. Wakaguzi wakasaini. Watu walinibeba juu juu, nusura wanidondoshe kwenye majivu. Mwenyekiti akataka nitoe neno. Nilikuwa na maneno mia, nikasema machache tu. Nikasema kwanza shukrani ni kwa wafagiaji.

Wakati natoka, Mzee Mhina akanivuta kando. "Nimetumwa," akasema. "Mama yako anakwambia, ngazi imerudi kuwa moja. Na kwamba siku ile ya posa alitusumbua sana kukubali, leo hajuti."

Niligeuka nikajifanya moshi umeniingia machoni. Nyie semeni mnavyotaka.

Tanuri linawaka mpaka leo ninavyoandika. Dampo la zamani limefukiwa na majani yameota. Fundi cherehani aliniletea soksi kweli, nazivaa Ijumaa.

Na wiki iliyopita wameniita nyumbani Handeni. Wanataka kuanzisha tanuri lao, wanaomba ushauri. Mtoto wa darasa la tano naitwa kutoa ushauri, wasomi wamekaa na kalamu! Nilikwenda na Canter, si kwa miguu. Wakanionyesha ramani, bomba, feni, kila kitu. Nikawaambia wekeni ramani pembeni kwanza, nitembezeni kwenye viwanja vya watu alfajiri, nione akina mama wanafagilia wapi.

Nilichojifunza ni hiki. Kujisifu sijaacha na sitaacha, mtu aliyejitengeneza mwenyewe nani atamsifu kama si yeye? Ila mdomo una kazi mbili. Ulichokitangaza kwa sauti kubwa kikiharibika, ukakitangue kwa sauti ile ile, kwenye mitaa ile ile, ukisukuma mkokoteni ule ule. Usimtume mke.

Zamani nilikuwa natamba kwa ninachobeba. Siku hizi Canter yangu inapita nyepesi, na natamba kwa ninachokiacha.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kabla hujanishambulia, nenda kwanza mlangoni kwenu ukaangalie ngazi, halafu uje useme: kwenu mchanga wa uwanjani unaenda wapi?